Kona ya Kompyuta: Mshale ukigoma

Mwezi uliopita laptopu yetu ya Ubuntu iliamka usingizini, kibao cha kugusa kikawa kimekufa. Na barua ya kuombea nafasi ya sekondari haijahifadhiwa! Kijana mmoja akataka kuizima kwa nguvu. Tukamwambia acha kwanza, bonyeza Ctrl na S. Barua ikapona.

Tukajaribu Fn na kile kitufe chenye picha ya kibao. Wapi! Basi Ctrl, Alt na T, likafunguka dirisha la amri. Tukaandika:

sudo modprobe -r psmouse
sudo modprobe psmouse

Nywila haionekani ukiiandika, msiogope. Mshale ukarudi. Laptopu ambazo kibao chake hakitumii psmouse, amri hii haisaidii. Hizo chomekeni mausi ya waya. Na mafuta ya mandazi vidoleni, jamani, tumechoka kuyafuta.