Namba, Idadi na Manamba



Lililotusukuma kuandika makala haya ni neno moja lililosemwa uwanjani wakati wa mapumziko. Wenzetu wawili waligombania mpira, na mmoja alipozidiwa akamwambia mwenzake, "Toka hapa, manamba wee!" Waliokuwepo wakacheka. Na sisi tulicheka, hatutaki kujitoa. Aliyeambiwa hakucheka, alichukua viatu vyake akaondoka. Baadaye tulipoulizana maana ya neno lile, hakupatikana hata mmoja wetu aliyeweza kulieleza. Tulijua tu kuwa ni tusi.

Basi tulitafute neno hili linakotoka. Manamba limetokana na namba, na namba tumeichukua kwa Waingereza, ambao husema "number". Nambari, ambayo husikika zaidi Unguja na Kenya, ni neno hilo hilo. Kwa Kiingereza neno hili limebebeshwa kazi nyingi mno: ndilo wingi wa vitu, ndilo alama tunayoiandika, ndilo utambulisho wa nyumba au gari, na katika sarufi ndilo umoja na wingi. Kiswahili kimezigawa kazi hizo. Tunayo idadi kwa kujua vitu ni vingapi, tunayo tarakimu kwa alama zenyewe kuanzia 0 hadi 9, na tunayo hesabu kwa kujumlisha na kutoa. Haya matatu yametoka kwenye Kiarabu, na mwanafunzi wa madrasa hana haja ya kutafutiwa mashina yake.

Lakini tazama madaftari yetu. "Namba ya wanafunzi imeongezeka mwaka huu." Hapana, ndugu yetu, iliyoongezeka ni idadi. Namba ya mwanafunzi ni ile aliyopewa siku ya mtihani. Darasa likiwa na watoto 40, hiyo 40 ni idadi; wewe ukiwa wa 17 kwenye orodha, hiyo 17 ni namba yako, nayo ina tarakimu mbili, 1 na 7. Mwingereza akisema "a number of people", Mswahili husema watu kadhaa, wala namba haimo kabisa. Na tukisema siku za mtu zinahesabika, hatusemi zina namba.

Kosa hili huenda likaonekana dogo. Sisi tunaona si dogo, kwa sababu idadi na namba hazimtendei mtu sawa. Idadi humhesabu mtu pamoja na wenzake kisha humwacha na jina lake. Namba hukaa mahali pa jina. Siku hizi tumezoea: tunaombana namba za simu, na ofisini tunaulizwa namba ya NIDA, yenye tarakimu 20 zinazoanza na tarehe ya kuzaliwa. Hata mtu akibanwa na maisha vijana husema "anaisoma namba", msemo ulioenea sana tangu uchaguzi wa mwaka 2015. Hakuna ubaya, maana ukishataja namba yako bado utaulizwa jina.

Kwenye mkonge haikuwa hivyo. Zao hili lililetwa nchini mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, na miche iliyofika hai ilikuwa 62 tu. Idadi hiyo imeandikwa vitabuni na inakumbukwa mpaka leo. Kutoka miche hiyo yakaja mashamba tunayoyaona tukipanda basi: Ngombezi, Hale, Magoma na Mwelya upande wa Korogwe. Wenzetu wa Handeni msiseme hili ni la Korogwe peke yake, kwani Kabuku iko kwenu. Mashamba yalitaka watu wengi kuliko waliopatikana jirani, na kodi ya serikali ya kikoloni ililipwa kwa fedha, si kwa mahindi. Watu wakaandikishwa mbali: Kigoma, Njombe, Songea, hata Ruanda-Urundi na Msumbiji. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda ofisi yao ya kuandikisha vibarua, ikiitwa SILABU, iliyofanya kazi hiyo hadi miaka ya 1960. Aliyeandikishwa alipewa namba, akaitwa kwa namba, akalipwa kwa namba. Alishika kipande, kadi yenye nafasi 30, na kila siku aliyomaliza kazi aliyopimiwa ikatiwa alama. Mshahara ulitoka kipande kikijaa, si mwezi ukiisha. Kwa mikono hiyo Tanganyika ikawa ya kwanza duniani kwa mkonge, na mwaka 1964 zilitoka karibu tani 230,000.

Sasa itazame sarufi yenyewe, maana hapa ndipo tulipostaajabu. Tunasema namba hii, namba hizi, kama tusemavyo nyumba hii, nyumba hizi. Ni kitu. Lakini tunasema manamba huyu amefika, manamba hawa wamefika. Ofisi ilimchukua mtu ikamfanya namba. Wasemaji wa Kiswahili wakaichukua namba ile wakairudisha kwenye ngeli ya watu. Hatujui mengine mengi yaliyofanyika kwa upole wa namna hii, na bila shaka aliyefanya hakujua.

Wapo kati yetu waliopendekeza neno hili lipigwe marufuku hapa madrasa. Sisi hatukubali. Likifutwa, mtoto wa Ngombezi atajuaje babu yake alifikaje Korogwe? Kenya wanaliita hivyo kundi la vijana wanaopakia abiria kwenye matatu, na hawaoni haya. Tunachokikataa ni kulitumia kumpunguza mtu, na hasa anapolitumia yule ambaye naye akifuatilia kwao atakuta kipande. Miji yetu hii miwili imejaa wajukuu wa watu wa mkonge. Wamekuwa Wazigua na Wasambaa kwa kuoa, kwa kuzikana, na kwa lugha, na wengi hawana habari.

Tulimfuata yule mwenzetu tukamwomba radhi, na aliyemtukana alikuwapo. Tukamuuliza habari za babu yake. Alisema alitoka upande wa Kasulu kwa treni, na kwamba namba yake ya shamba hakuna anayeikumbuka nyumbani. Kiha kimewapotea pia, isipokuwa neno moja. Asubuhi bibi yake akifungua mlango huwaambia, "Mwakeye."