Maoni: Wazee wa rumba wakiketi na gita kavu, Butembo na Beni wasikilize hadi mwisho

Wapenzi wa muziki wa Butembo na Beni wana neno moja wanalolitoa haraka wakiona video ya wazee wa rumba wamekaa kwenye viti, gita kavu mikononi, bila batri kubwa wala wachezaji mbele yao: wamechoka. Video za namna hiyo zinapita kutoka simu hadi simu, kwenye vituo vya motari, kwenye vibanda vya kuingiza nyimbo katika kadi, nyumbani jioni. Wimbo wa kwanza haujafika nusu, tayari kuna mtu anauliza sebene iko wapi. Mwingine, mara nyingi mwenye mvi, anamwambia anyamaze asikilize. Hapo ubishi unaanza, na unaweza kumalizika simu ikiwa imezimika.

Ubishi huo si mdogo kama unavyoonekana. Wanaouliza sebene na wanaoomba kimya wanabishania muziki gani unaweza kuishi katika miji hii miwili, na ni nani atakayeulipia.

Mfano mzuri wa muziki wenyewe ni kundi la Kékélé. Lilianza mwaka 2000 jijini Paris, na waliolianzisha hawakuwa watoto. Papa Noël alikuwa amekwisha kurekodi tangu miaka ya 1950, akapitia makundi makubwa ya pande zote mbili za mto Congo. Wuta Mayi aliimba katika TPOK Jazz ya Franco. Nyboma alitokea Bella Bella na Lipua Lipua. Loko Massengo alikuwa mmoja wa watatu wa Trio Madjesi. Walikuwako pia Bumba Massa, Jean-Papy Ramazani na mpiga gita Syran Mbenza. Watu hao walikwisha kujaza viwanja na kuchezesha Afrika nzima kwa gita za umeme. Halafu wakaweka umeme pembeni, wakachukua gita kavu, wakatoa albamu ya Rumba Congo mwaka 2001 na nyingine zilizofuata. Jina lenyewe, Kékélé, ni la mmea wa msituni unaosokotwa kuwa kamba. Walijua walichokuwa wanasema: nyuzi nyingi, kila moja na zamani zake, zinasokotwa pamoja.

Shabiki wa Butembo aliyezoea ndombolo akisikia nyimbo hizo anaona kama mtu amepunguza moto chini ya chungu. Ni kweli hakuna mahali ambapo wimbo unageuka ghafla na watu wote wanasimama. Lakini asikilize tena. Sauti ya Nyboma inapanda bila kitu cha kuifunika. Gita mbili zinasemezana, moja inauliza, nyingine inachelewa kidogo kujibu. Mwanamuziki asiyejua kazi angeonekana papo hapo, kwa sababu bafle kubwa na kelele za atalaku zinaweza kuficha makosa mengi, gita kavu haifichi. Mzee anayekubali kukaa kwenye kiti mbele ya kamera akiwa na nyuzi sita tu amejiweka mahali pagumu kuliko kijana aliyezungukwa na wachezaji ishirini.

Wale wanaosema kwamba rumba bila sebene si rumba wanasahau pia ilikotoka. Wendo Kolosoy alipotoa Marie-Louise mwaka 1948 pamoja na mpiga gita Henri Bowane, hakukuwa na batri wala bafle za kutikisa ukuta. Batri, bafle na atalaku vilikuja baadaye, na kila kimoja kilipokuja kilikuta mashabiki wanalalamika.

Mfano wa Zaïko Langa Langa unachekesha kidogo. Kundi hilo lilizaliwa Kinshasa mnamo Desemba 1969, mikononi mwa vijana kama Jossart N'Yoka Longo, Papa Wemba na Manuaku Waku. Walitupa tarumbeta na saksofoni ambazo zilikuwa heshima ya makundi makubwa, wakaweka gita mbele, wakapiga batri kwa nguvu. Wazee wengi wa wakati ule waliziita kelele za watoto. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Zaïko ikaongeza atalaku, mtu wa kupiga mayowe na kuamsha wachezaji, na tena kuna waliosema kwamba muziki umekufa. Leo baba wa Butembo aliyekua na mayowe hayo ndiye anayetazama video ya gita kavu na kusema haina uhai. Alichokiita kijana wake uhai, baba yake mwenyewe alikiita kelele.

Kuna jambo jingine ambalo mashabiki wanaligundua bila kulitaja kwa jina lake. Katika video hizi hakuna mabanga. Kila mtu anajua mabanga: majina ya wafanyabiashara, wabunge, wachimba dhahabu na wake zao, ambayo mwimbaji anayatupa ndani ya wimbo kwa sababu wenyewe wamelipa. Mahali pake pazuri ni ndani ya sebene, pale ambapo maneno ya wimbo yamekwisha na atalaku ana nafasi ya kutosha. Ondoa sebene, na jina la tajiri linakosa pa kukaa. Ukiliweka katikati ya ubeti wa taratibu, kila mtu atasikia kwamba limeingizwa kwa nguvu, kama jiwe ndani ya wali.

Kwa sikio la msikilizaji hiyo ni pumziko. Kwa mfuko wa mwanamuziki ni njaa. Kwa miaka mingi wanamuziki wa Congo wameishi kwa mabanga, kwa bia zinazodhamini matamasha na kwa wanasiasa wakati wa uchaguzi, kwa sababu shabiki wa kawaida analipa kidogo sana au halipi kabisa. Anapata wimbo kwa Bluetooth, anaubeba kwenye flashi, anaupitisha kwa rafiki kumi. Kisha anashangaa kwa nini mwimbaji anataja jina la mtu aliyemnunulia gari. Shabiki wa Butembo anayesifu usafi wa gita kavu huku hajawahi kununua tiketi ya kuisikiliza anasifu kitu ambacho anakiua mwenyewe.

Hata hivyo wanaotaka sebene hawastahili kudharauliwa, na hasa wa Beni. Tangu Oktoba 2014 watu wa mji huo na wa vijiji vyake wameishi na mauaji yanayorudi kila wanapofikiri yamekwisha. Kati ya Agosti 2018 na Juni 2020 wao na wenzao wa Butembo waliishi pia na Ebola, wakakatazwa kushikana mikono na kuosha maiti wao. Mtu aliyetoka katika miaka ya namna hiyo anayo haki ya kutaka muziki unaompokonya mawazo yake kwa dakika kumi. Kucheza si ujinga. Katika nganda za Mulekera na Bungulu kuna watu wanaocheza kwa sababu wakikaa kimya wanakumbuka. Ukimwekea mtu huyo wimbo wa taratibu unaosikika kila neno, unamrudisha pale alipokuwa anakimbia.

Lakini huzuni nayo inahitaji muziki wake. Mahali ambapo sauti bila umeme inaheshimiwa tayari katika miji hii ni kilioni na kanisani. Usiku wa matanga watu wanaimba bila bafle na hakuna anayeuliza sebene. Korali za Butembo zinaimba kwa Kinande sauti nne, na waumini wanasikiliza wakiwa wameketi. Kwa hiyo masikio ya kusikiliza yapo. Kinachokosekana ni desturi ya kumsikiliza hivyo mwanamuziki ambaye haimbi kwa ajili ya marehemu wala kwa ajili ya Mungu, na kumlipa.

Hali yenyewe ya miji inasukuma upande huo. Kwa miaka mingi Butembo ilijulikana kuwa mji mkubwa usio na umeme wa SNEL, mji wa jenereta, ambapo kila mwenye duka alijiwashia taa yake. Hata baada ya makampuni ya binafsi kuanza kusambaza umeme, kukodi bafle, batri, jenereta ya akiba na mafuta yake kunamaliza pesa ya kiingilio kabla mwanamuziki hajapata franga. Usalama nao unaharakisha watu kurudi nyumbani. Tangu Mei 2021 Kivu Kaskazini na Ituri zimewekwa chini ya utawala wa kijeshi, ule unaoitwa état de siège, na hata kabla yake usiku wa Beni haukuwa usiku wa kutembea. Tamasha la ndombolo linaloanza saa tano za usiku na kupata moto saa nane haliwezi kuwa chakula cha kila wiki hapa. Gita mbili, ngoma moja ndogo na waimbaji watatu katika ukumbi wa parokia, saa tisa za alasiri, watu wakarudi Vulamba au Beu kabla ya giza: hilo linawezekana bila kuomba ruhusa kubwa na bila kukopa.

Kisha kuna suala la lugha, ambalo huku mashariki linauma zaidi. Nyimbo za Kékélé na za Zaïko nyingi ni za Kilingala. Sebene ilituficha kwa ukarimu: mtu wa Bulengera ameweza kucheza wimbo mmoja miaka ishirini bila kujua kama mwimbaji anabembeleza mke au anaomba deni lake. Gita kavu ikiyaleta maneno mbele, wengi wanatambua kwamba hawayaelewi yote. Baadhi ya wanaosema video hizi zinachosha wanachoshwa na hilo, ingawa hawasemi.

Dawa si kuukataa muziki wa gita kavu. Mashariki na kusini mwa nchi zilikuwa na gita kavu yao, na iliimba Kiswahili. Jean-Bosco Mwenda, mtu wa Bunkeya huko Katanga, alirekodiwa na Hugh Tracey mjini Jadotville, ambayo leo ni Likasi, mwaka 1952. Kwa vidole vyake tu alipiga besi na solo pamoja, na wapiga gita wa Kenya na kwingine walikaa wakijaribu kumfuata. Yeye na Édouard Masengo walifika hadi Nairobi mwishoni mwa miaka ya 1950, na Kiswahili chao cha Katanga kilieleweka. Mwaka huohuo wa 1952 Tracey alipita pia ukingoni mwa msitu wa Ituri na kurekodi, pamoja na Wambuti na wengine, muziki wa Wanande. Kwa maneno mengine, mashine ya kurekodi iliufuata muziki wa watu hawa kabla ya wao kuwa na redio zao. Lokua Kanza, aliyezaliwa Bukavu mwaka 1958, alipotoa albamu yake ya kwanza mwaka 1993 alikuwa na gita kavu na sauti ya chini, na kuna Wacongo wanaoendelea kuuita huo muziki wa Wazungu. Ajabu ni kwamba wanaotamka hivyo wanaukubali muziki wa batri, saksofoni na gita ya umeme kuwa wa mababu.

Mnamo Desemba 2021 UNESCO iliiandika rumba ya Congo katika orodha ya urithi wa ubinadamu, kwa ombi la Kinshasa na Brazzaville. Kulikuwa na furaha Butembo kama kwingine. Lakini cheti cha UNESCO hakikumnunulia kijana wa Kimemi nyuzi za gita, na mtu wa huku anayo haki ya kuuliza kama katika urithi huo kuna chumba cha wimbo wa Kiswahili cha Kivu, au cha Kinande.

Chumba hicho hakitajengwa na Kinshasa. Redio za Butembo na Beni, ambazo ni nyingi na zinasikilizwa hadi vijijini, zinaweza kutoa saa moja kwa wiki kwa wapiga gita wa mji, wakiwa hai studioni, bila kuwadai pesa ya kupiga wimbo wao. Wenye kumbi wanaweza kukubali tamasha la alasiri. Wazee waliopiga katika makundi ya zamani ya Kivu wako bado, wengine wanatengeneza viatu au wanauza mafuta ya mawese, na vijana wanaoweza kuwaita wakae nao kwenye viti viwili wanaishi mtaa huohuo.

Na shabiki, yule anayebishana juu ya sebene, siku bango la tamasha la namna hiyo litakapobandikwa kwenye mti kando ya barabara ya taifa namba 2, alipe kiingilio, akae, na azime simu yake. Akitoka akiwa bado anasema wamechoka, atakuwa amelipia haki ya kusema hivyo, na wanamuziki watakuwa na pesa ya nyuzi mpya.