Anacheza gemu usiku kucha? Muulize yuko na nani

Mwezi huu tuzungumzie ugomvi ulioingia kwenye nyumba nyingi za vijana. Saa saba usiku, mmoja yuko kitandani anasubiri, mwenzake kaganda kwenye kompyuta anacheza gemu na watu asiowahi kuwaona. "Hivi wewe unaishi kwenye dunia ya uongo mpaka lini?" Maneno yanaanzia hapo, mwisho mtu analala sebuleni.

Kabla hujachomoa waya ukutani, nikupe kisa cha kweli.

Mats Steen alizaliwa Norway mwaka 1989. Alikuwa na ugonjwa wa kurithi uitwao Duchenne, unaokula misuli kidogo kidogo. Tangu utotoni alitumia kiti cha magurudumu, na ukubwani vidole ndivyo vilivyobaki kumtii. Kwa msaada wa vifaa maalumu, vidole hivyo vilimtosha kucheza gemu la World of Warcraft. Inakadiriwa kuwa katika miaka kumi ya mwisho ya maisha yake alitumia kati ya saa 15,000 na 20,000 mle ndani.

Wazazi wake, Robert na Trude, roho iliwauma. Waliamini kijana wao ataondoka duniani bila rafiki, bila kupenda wala kupendwa. Novemba 2014 Mats akafariki, akiwa na miaka 25. Baba akaingia kwenye blogu ya mwanawe, akaandika taarifa ya msiba na kuacha anwani ya barua pepe. Jamani, barua zikamiminika!

Kumbe kule Mats alikuwa Ibelin, mwanamume mwenye mwili imara na miguu ya kukimbia, na kundi lake la Starlight lilimjua kama mtu wa kusikiliza shida za wenzake. Binti mmoja wa Uholanzi, Lisette, alipozuiwa na wazazi wake kucheza, Mats aliwaandikia wazazi hao barua kuwaeleza thamani ya urafiki ule. Mama mmoja wa Denmark, ambaye mwanawe ana usonji, alishauriwa na Mats acheze gemu pamoja na mtoto. Mama na mwana wakaanza kukumbatiana mle ndani. Siku ya mazishi walifika wanakundi kutoka Uholanzi, Denmark, Finland na Uingereza. Kisa hiki kilitengenezewa filamu mwaka 2024, The Remarkable Life of Ibelin. Ukiitazama, weka leso karibu.

Si yeye peke yake

Kule Marekani watafiti wawili, Tom Boellstorff wa Chuo Kikuu cha California, Irvine, na Donna Davis wa Chuo Kikuu cha Oregon, walikaa miaka kadhaa na watu wenye ulemavu wanaoingia Second Life, dunia ya kwenye kompyuta iliyofunguliwa mwaka 2003. Filamu kuhusu watu hao ilitoka mwaka 2018. Mle mtu hujitengenezea mwili autakao. Wapo wanaochagua mwili unaocheza dansi, na wapo wanaoingia na kiti chao cha magurudumu vilevile, kwa sababu wanakiona ni sehemu yao.

Vifaa navyo vina neno lake. Miwani ya uhalisia pepe mara nyingi humdai mtu ageuze shingo na kuinua mikono. Asiyeweza anabaki mlangoni. Ndiyo maana watu walifurahi mwaka 2018 Microsoft walipotoa kifaa cha kuchezea chenye vitufe viwili vikubwa na matundu 19 ya kuchomeka swichi za nje, za mkono, mguu au hata kidevu.

Sasa wewe na mwenzi wako

Kwanza, uliza. Si "utamaliza saa ngapi?" bali "leo uko na nani, na huyo anaendeleaje?" Wazazi wa Mats walihesabu saa, majina wakayajua msibani.

Pili, vuta kiti ukae naye nusu saa. Usipopenda gemu utakuwa angalau umewajua mashemeji.

Tatu, wewe unayecheza, usifiche. Mats aliwaficha wenzake ugonjwa wake kwa miaka, mpaka mwaka 2013 alipowaonyesha blogu yake, na hawakumkimbia. Kama umepata ajali, kama mwili umebadilika na kule ndiko unakopumulia, mwambie mwenzako hivyo hivyo. Asipoambiwa atadhani unamkimbia yeye.

Simtetei kila mchezaji, msinielewe vibaya. Anayecheza kwa pesa ya kodi, au anayewasha kompyuta kila mnapotaka kuongea jambo zito, huyo ana kesi yake na muizungumze mchana, si usiku wa manane. Lakini kesi hiyo huwezi kuijua mpaka umeuliza, na jibu utalipata mkiwa wote hai na mna nguvu ya kusameheana.

Kwa leo niishie hapa. Tukutane mwezi ujao, panapo majaaliwa.