Endometriosisi: Neno "Vumilia" Linapochelewesha Tiba

Mtangazaji wa Kenya, Njambi Koikai, alipofariki dunia mwezi Juni 2024, wengi walilisikia kwa mara ya kwanza jina la ugonjwa alioueleza hadharani kwa miaka: endometriosisi. Maumivu yalimwanza usichanani. Baadaye ugonjwa ukafika hadi mapafuni, na mwaka 2018 akaenda kutibiwa Atlanta, Marekani.

Katika ugonjwa huu, chembe zinazofanana na utando wa ndani wa mfuko wa uzazi huota nje ya mfuko huo, hasa kwenye ovari, mirija ya uzazi na sehemu nyingine za nyonga. Huleta makovu na maumivu makali wakati wa hedhi, katika tendo la ndoa, hata wakati wa haja kubwa. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba unawapata takriban asilimia 10 ya wanawake na wasichana walio katika umri wa kuzaa, yaani watu milioni 190 hivi. Dawa na upasuaji hutuliza. Tiba ya kuuondoa moja kwa moja haijapatikana.

Kinachosikitisha zaidi ni kwamba mgonjwa huweza kukaa miaka mingi kabla ya kutambuliwa. Kipimo cha kawaida cha ultrasound huweza kisione kitu, na upasuaji wa matundu madogo haupatikani kila wilaya. Hayo ni ya vifaa na fedha. Lakini iko sababu isiyohitaji fedha kuiondoa, nayo ni neno letu "vumilia". Msichana akikosa shule kila mwezi huambiwa ndiyo hali ya wanawake. Akiolewa, huambiwa akizaa yataisha. Asipozaa, basi lawama zote ni zake.

Nasi mapadre tumo. Nimewahi, katika ushauri wa ndoa, kumhimiza mke asimnyime mumewe haki yake, pasipo kumuuliza kama tendo hilo linamwumiza. Aliitikia, "Sawa, Baba," akaondoka. Sijui alibeba nini moyoni.

Tangu hapo, wachumba wanapokuja kwa mafundisho ya ndoa, huzungumza nao pamoja juu ya hedhi na maumivu, mwanamume akisikiliza. Wengine huinamisha macho. Kwa binti anayeteseka, huomba mama yake amwandikie daftarini tarehe za maumivu, na kiasi chake, kwa miezi mitatu, kisha waende nalo kwa daktari wa magonjwa ya wanawake.