Kiswahili si Kiganda Kilichovunjika

Hapa Mengo, penye makao ya serikali ya Kabaka, sisi wanafunzi wa Kiswahili huambiwa kwamba tunasoma Kiganda kilichovunjika. Ushahidi unaotolewa ni nomino: Mganda husema omuntu, abantu, Mswahili husema mtu, watu. Irabu ya mwanzo imepotea, basi lugha imeharibika!

Hoja hiyo ni dhaifu. Kupungua kwa viambishi si kuoza. Kiingereza cha kale kilibadilisha miishio ya nomino kulingana na kazi yake katika sentensi, na Kijerumani bado hufanya hivyo kwa kiasi. Leo Kiingereza kimebakiwa na miishio michache tu, lakini nani hapa Kampala anayekiita Kijerumani kilichovunjika?

Tena, tutazame neno moja. Kiganda kina olulimi, wingi ennimi. Kiswahili kina ulimi, wingi ndimi. Katika umoja, Kiswahili kimeangusha l ya kiambishi lu-. Katika wingi, n ilikutana na l ya mzizi -limi, ikazaliwa nd. Kiswahili kimeihifadhi sauti hiyo. Kiganda kimeigeuza kuwa nn. Sasa aliyevunja ni nani?

Lugha hizi ni watoto wa mama mmoja, Kibantu cha kale, na kila mmoja ametunza fungu lake la urithi. Ni Kiganda kinachotuonyesha kwamba ulimi na utu, maneno yenye u- ile ile katika Kiswahili, yalitoka nyumba mbili: olulimi na obuntu. Anayeidharau lugha moja hataielewa vizuri hata ile anayojivunia.