Wacheni kudharau klarineti ya plastiki

Niseme tu wazi. Ukinipa pesa leo ninunue klarineti ya kupiga hapa Olkaria, nachukua Yamaha YCL-255. Ndio, ya plastiki. Na wale wazito wa bendi wanaoambia vijana "hiyo ni ya kuchezea watoto, klarineti kamili ni ya mbao" wakome.

Hiyo sentensi inafukuza watu kwa muziki. Msee wa form two anaiskia, anaangalia bei ya Buffet Crampon R13, anaona laki kadhaa, anarudisha klarineti ya shule kabatini. Kwisha.

Sisemi R13 ni mbaya. Iko sokoni tangu 1955 na wapigaji wa okestra kubwa wanaiheshimu. Lakini wao wanapigia ukumbini. Sisi asubuhi ni baridi ya kuuma, saa saba jua na vumbi, na mazoezi ni uwanjani. Mbao haipendi hayo. Pumzi yako inailowesha ndani, nje imekauka, inapasuka. Ikiwa mpya hata inabidi uipige dakika chache kwa siku, wiki kadhaa, ndio izoee. Plastiki haina hizo drama.

"Lakini sauti ya mbao ni tamu zaidi." Nani amepima? Niliacha chuo, kusoma sikuacha. Mwaka wa 1964 mwanafizikia wa Marekani, John Backus, alichapisha vipimo vyake: mtetemo wa ukuta wa klarineti ni mdogo mno kubadilisha sauti unayoskia. Kinachotetema ni hewa ya ndani. Kwa hivyo angalia tundu lilivyochongwa, mashimo, mdomo wake, ridi na pumzi yako. R13 ni tamu kwa sababu imetengenezwa kwa umakini.

Na hiyo mbao ni gani? Ni mpingo, buda. Mwingi unatoka Tanzania na Msumbiji, na mti mmoja unachukua miongo mingi kukomaa. Unakatwa, unaenda Ufaransa, unakuwa klarineti ambayo kijana wa Kilwa, kule mpingo unakomea, hawezi kununua. Mtu wa Olkaria haelezwi hii hadithi mara mbili: mvuke unatoka chini ya miguu yetu, na bili ya stima bado inatufinya. Halafu mnataka tuone aibu kwa kukosa kipande cha mti wetu wenyewe?

Lakini hata plastiki si zote. Zile za rangi rangi zisizo na jina, bei ya kutupa mtandaoni, kaa nazo mbali. Vibonyezo vinapinda, pedi zinavuja, na ukipeleka kwa fundi anakurudishia bila kufungua. Hapo ndipo jina lina maana. Yamaha ya mitumba, hata ikiwa imekwaruzika, inatengenezeka.

Kwa hivyo fanya hivi: tafuta Yamaha ya mitumba, mtu anayejua aijaribu kabla hujalipa, doo inayobaki weka kwa mdomo mzuri kama Vandoren B45 na boksi la ridi. Hapo ndipo utaskia tofauti.

Na wewe mzito wa bendi, kijana akija na klarineti yake, usimuulize ni ya nini. Mwambie apige.