Mzee wa Miaka Kumi na Tisa

Ndugu wasomaji, katika gazeti hili la shule yetu tumezoea kusoma habari za michezo, za mabweni, na mashauri ya kusoma kwa bidii. Mimi leo nataka kutoa maoni yangu juu ya jambo nililoliona likizo iliyopita huko Dar es Salaam, nyumbani kwa bibi yangu. Lahusu vijana wawili na juma lao moja. Kabla sijaanza yafaa niseme wazi kwamba mimi ni Mwislamu, na jamaa zangu wote ni Waislamu. Basi mtu asidhani kuwa nataka kumvuta mtu yeyote katika dini nyingine.

Nyumba inayopakana na ya bibi wamepanga vijana wawili, mmoja Mmarekani wa jimbo la Idaho, na mwenziwe Mganda. Huvaa shati jeupe na tai, na kifuani wana kibao cheusi. Juu ya kibao hicho pameandikwa “Mzee”, kisha jina la ukoo, na pia jina la kanisa lao, yaani Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho. Watu wengi hulijua kwa jina la Mormoni, walakini tangu 2018 wenyewe wamesisitiza liitwe kwa jina lake kamili. Bibi aliposomewa kibao kile alicheka mpaka akakohoa. “Mzee gani huyu hana hata ndevu moja?” Yule Mmarekani alikuwa na miaka 19. Akajibu kwa Kiswahili cha kujikwaa, “Bibi, huu ni uzee wa kazi, si wa miaka.”

Kanisa hilo lilianzishwa mwaka 1830 katika jimbo la New York na mtu aliyeitwa Joseph Smith, na makao yake makuu yako Salt Lake City, katika jimbo la Utah. Vijana wao wa kiume huenda kuhubiri kwa miezi 24, na wasichana miezi 18. Zamani kijana wa kiume alingoja mpaka afike miaka 19, lakini tangu 2012 aweza kwenda akiwa na miaka 18. Hachagui nchi, hupangiwa. Tena halipwi mshahara. Kijana wa Marekani huchangiwa na jamaa zake au hujichangia mwenyewe dola 500 kila mwezi, ambazo kwa miezi 24 ni dola 12,000. Jirani yetu aliniambia kwamba alianza kuweka akiba yake tangu utoto, kwa kuvuna viazi. Wale wasio na uwezo husaidiwa na mfuko wa kanisa.

Sasa nitaeleza juma lao kama nilivyoliona.

Jumatatu ni siku ya matayarisho. Hufua, huenda sokoni, hupiga mpira, na huzungumza na wazazi wao kwa simu. Nilistaajabu kusikia kwamba kabla ya Februari 2019 waliruhusiwa kupiga simu nyumbani mara mbili tu kwa mwaka. Siku hiyo mimi nilimfundisha Mmarekani kusugua kola ya shati kwa sabuni ya mche, maana alikuwa akiipapasa tu kama mtu abembelezaye mtoto. Ilipofika saa kumi na mbili jioni walivaa tai zao wakatoka kazini.

Siku nyingine huamka saa kumi na mbili na nusu asubuhi, hufanya mazoezi ya mwili, husoma maandiko, na Mmarekani hujifunza Kiswahili. Kisha hutoka kwa miguu. Saa tatu usiku huwa wamekwisha kurudi, na saa nne na nusu taa huzimwa. Hawatembei mmoja mmoja, hawatazami sinema, wala hawana mambo ya uchumba. Nilipowaalika kwenda kuogelea walinijibu kwamba hata hilo wamekatazwa. Fikirini, kijana amekaa Dar es Salaam miezi kumi, bahari aiona kila siku, wala hajapata kuogelea ndani yake!

Jumanne niliketi barazani nikahesabu milango waliyobisha mtaani petu. Ilikuwa kumi na mmoja. Walikaribishwa miwili. Walipiga hodi kwa adabu kama tulivyofunzwa sisi, mara tatu, na wasipojibiwa wakaondoka. Wengine waliwajibu vizuri kwamba wana dini yao. Mmoja aliwaambia maneno nisiyoweza kuyaandika hapa, nao wakamshukuru wakaenda mlango wa pili. Asemaye kuwa akufukuzaye hakuambii toka, hakuufikia mtaa wetu.

Bibi aliwakaribisha, akawapa chai. Wakaikataa. Bibi alichukia sana, kwa maana kukataa chai ya mwenyeji ni kumkataa mwenyeji mwenyewe. Yule Mganda akamweleza kwamba tangu 1833 kanisa lao limefundisha kutokunywa pombe, kutovuta tumbaku, na pia kutokunywa chai wala kahawa. Bibi akasema, “Pombe naelewa, hata kwetu ni haramu. Lakini chai, mwanangu, chai imewakosea nini?” Wakacheka wote, lakini naliona bado ana kinyongo.

Jumatano mjomba wangu aliwauliza swali zito zaidi. Alikuwa amesoma kwamba mpaka mwaka 1978 kanisa hilo halikumruhusu mtu mweusi kupewa ukuhani. Akauliza kama ni kweli. Nilimtazama yule Mganda, kwa kuwa nilidhani ataona haya. Akasema, “Ni kweli, mzee wangu. Lilikuwapo jambo hilo, nami nilipolijua liliniumiza. Mwaka 2013 kanisa liliyakana maandishini maneno yaliyosemwa zamani kulitetea.” Mjomba hakuridhika, naye alisema hivyo waziwazi. Walakini baadaye aliniambia, “Huyu si mwongo.”

Alhamisi walivua tai zao wakamsaidia jirani mmoja kubeba matofali tangu asubuhi mpaka adhuhuri. Hawakuhubiri neno.

Ijumaa usiku nilisikia mtu akilia upande wa pili wa ukuta. Asubuhi Mganda akatueleza kwamba babu yake yule Mmarekani amefariki dunia, yule aliyemlea katika shamba la viazi. Bibi akauliza, “Anaondoka lini kwenda kuzika?” Akajibiwa kwamba hataondoka, ataendelea na kazi mpaka muda wake utimie.

Bibi hakusema neno. Aliingia jikoni, akachemsha maziwa na tangawizi nyingi, wala hakutia majani ya chai. Kisha akajifunga kanga yake, akaniambia nichukue mkeka na birika. Tulipofika tukapiga hodi. Vijana wale walishangaa, maana miezi yote hakuna mtu wa mtaa aliyebisha mlango wao. Bibi akatandika mkeka sakafuni akaketi. Akamwambia, “Pole kwa msiba, mwanangu. Kwetu mfiwa hakai peke yake.” Kabla ya adhuhuri walikuwa wamekuja majirani saba, na mmoja wao alikuwa yule aliyewatolea maneno mabaya siku ya Jumanne. Hakuna aliyezungumza habari za dini. Walimwuliza habari za babu yake, naye akawaeleza jinsi mzee yule alivyomfundisha kujua kiazi kilichoiva kwa kukiminya ngozi.

Jumapili walikwenda kanisani kwao, ambako ibada na mafundisho huchukua muda wa saa mbili. Macho ya Mmarekani yalikuwa mekundu, lakini shati lake lilikuwa jeupe na kola imetakata.

Basi, ndugu wasomaji, maoni yangu ni haya.

Kwanza, liko jambo nisilokubaliana nalo. Kijana kumkosa babu yake kaburini kwa ajili ya ratiba ni mzigo mkubwa mno. Tena nimesikia kwamba wapo wanaorudi nyumbani kabla ya muda, kwa maradhi au kwa moyo kuvunjika, nao hutazamwa na wengine kama watu walioshindwa. Kazi ya kujitolea ikiwa na aibu nyuma yake, huwa si kujitolea tena. Tena sipendi kijana wa miaka 19 apewe majibu ya maswali ambayo maisha hayajamwuliza bado. Yule Mganda alinipendeza kwa sababu swali la mjomba alilijibu kwa maumivu yake mwenyewe.

Pili, liko jambo ambalo naona sisi wanafunzi twalihitaji sana. Hapa shuleni twafundishwa kushinda: kushinda mtihani, kushinda mpira, kushinda mjadala. Hatufundishwi kukataliwa milango tisa na kubisha wa kumi kwa adabu ileile. Walakini tutakapokwenda kutafuta kazi, milango hiyo ndiyo itakayotungoja.

Tatu, twahitaji kutoa muda wetu kwa ajili ya wengine. Nchi yetu inalijua jambo hili tangu ilipoanzisha Jeshi la Kujenga Taifa mwaka 1963. Utaratibu wa kuwachukua wahitimu wa kidato cha sita kwa lazima ulisimama mwaka 1994, ukarudi 2013. Lakini mhitimu wa kidato cha nne je? Kaka yangu alimaliza mtihani wake mwezi wa Novemba, na kidato cha tano kilianza Julai. Karibu miezi minane alikaa barazani akitazama simu. Hakuwa mvivu, hakuna mtu aliyemwambia kwamba anahitajika mahali.

Kwa hiyo naomba walimu na wazazi walifikirie shauri hili. Wahitimu wetu wa kidato cha nne wanaopenda, nasema wanaopenda, wapangwe wawili wawili, Mwislamu na Mkristo ikiwezekana, wakawasaidie watoto wa shule za msingi kusoma, wakawatekee maji wazee wasio na watu, wakasafishe zahanati. Hawatahubiri dini ya mtu. Na mmoja wao akifiwa, aende kwao akazike, kisha arudi bila aibu.

Wazazi wengine watasema kwamba ni kupoteza wakati. Nami nawajibu kwamba wakati ule umekwisha kupotea tayari, twataka kuuokoa. Wengine watasema kwamba vijana wetu hawatapokelewa. Labda ni kweli kwa siku za kwanza. Lakini bibi yangu alikasirishwa Jumanne kwa kikombe cha chai, na Jumamosi akabeba mwenyewe kikombe cha tangawizi mpaka nyumba ya pili. Mlango uliofungwa leo si lazima ufungwe kesho, mradi aliyebisha alibisha kwa heshima.

Haya ndiyo maoni yangu. Mwenye maoni mengine na aandike katika toleo la muhula ujao, nami nitayasoma.

Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu